Mkanda wa Koboko

Radi ilipasua mkalitusi uliokuwa nyuma ya ofisi yetu mjini Arua. Wakati huo nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, natazama mvua. Kabla sijaelewa nilichosikia, kioo cha kompyuta kilikuwa kimezimika na chumba kilinuka waya ulioungua. Nilijua mara moja. Hata hivyo nilikaa kwenye kiti, nikabonyeza swichi, nikabonyeza tena, kama mtu anayemwita marehemu kwa jina.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa takwimu katika mradi wa kutibu malale. Ofisi kuu ilikuwa Arua, wodi zetu zilikuwa Omugo, na kituo kidogo cha kupima damu kilikuwa Koboko. Kila mgonjwa aliyepita mikononi mwetu aliandikwa kwenye fomu, na fomu ikaja kwangu, nami nikaiingiza kwenye kompyuta: jina, kijiji, umri, dawa aliyopewa, na majibu ya maji ya uti wa mgongo kila aliporudi kupimwa. Makaratasi ya miaka ya mwanzo yalikuwa yameliwa na mchwa stoo. Kwa hiyo miaka ile haikuwa na makao mengine ila ndani ya mashine iliyokufa.

Mimi ni mtu wa Dranya, upande wa Koboko. Baba alikuwa askari. Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipotufikia tulivuka kwenda Zaire, na huko ndiko nilikojifunza kupiga taipu, kwa Kifaransa kabla ya Kiingereza. Tuliporudi baada ya miaka mingi, vichaka vilikuwa vimemeza mashamba, na vichaka vilikuwa vimejaa mbung'o. Watu waliofurahi kuona ardhi yao tena walianza kusinzia mchana, wakichekacheka bila sababu, wakigombana na watoto wao, mpaka wakashindwa kuinuka. Dada wa mama yangu alikufa hivyo. Nilipopata kazi kwenye mradi, sikuhitaji kuelezwa ni kazi ya nini.

Siku ile ya radi kulikuwa na mgonjwa mmoja aliyekuwa akingoja majibu kutoka kwangu. Aliletwa Omugo na mke wake kutoka Koboko, kwa baiskeli, amefungwa kwa kitambaa kwenye kiti cha nyuma ili asianguke. Maji ya mgongo wake yalionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaingia kichwani. Mkewe alisema mume wake alikuwa ametibiwa malale zamani, kabla hawajaoana. Hakujua ni mwaka gani wala dawa gani. Kadi yake iliungua pamoja na nyumba yao, waasi walipochoma kijiji.

Daktari wetu alinieleza jambo hilo asubuhi ya siku ileile, amekaa kwenye ukingo wa meza yangu. Alikuwa mtu wa kusini mwa Uganda. Huko kwao, alisema, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki kizuizini, na miezi yake ya kwanza kwetu alikuwa akishtuka kila mama alipomsalimia. Sasa alikiongea kwa raha, kwa makosa yaleyale tuliyoyafanya sisi.

"Kama ni mgonjwa mpya," alisema, "nampa dawa ya sindano. Kama ameshaipata akapona nusu, sindano haitamfaa tena. Itamchoma bure, pengine itamuua. Huyo anataka dawa ya dripu."

"Dripu iko?"

"Ya mtu mmoja. Na iko mama mwingine anaingoja kijijini kwao Pajulu, huyo najua kwa hakika ugonjwa umemrudia. Siwezi kumnyima mama huyo na kumpa huyu wa Koboko kwa kubahatisha. Nitafutie jina lake kwenye kompyuta."

Nilimwambia nitamtafuta baada ya chai.

Dawa ya sindano iliogopwa na kila mtu, hata sisi tuliokaa ofisini. Ilikuwa na sumu ndani yake. Iliyeyusha plastiki, kwa hiyo wauguzi waliitoa kwa bomba la kioo. Ikidondoka nje ya mshipa, nyama ya mkono ilioza. Wengi waliinuka nayo wakarudi kulima. Wachache iliwapiga kichwani wakafa katika degedege, na hakuna aliyeweza kujua mapema nani atakuwa nani.

Kwa hiyo nilipokaa mbele ya kioo cheusi sikuwa nawaza mashine.

Nakala za akiba zilikuwapo. Fundi aliyetoka Kampala kutufungia kompyuta alikuwa ametufundisha vizuri. Kila Ijumaa nilinakili mafaili yote kwenye mkanda, na mara kwa mara kwenye disketi pia. Mkanda wenyewe ulikuwa kama kaseti ya muziki, ila mkubwa zaidi na mzito, na mgongo wa bati. Ulisomwa na mashine ndogo iliyokaa nje ya kompyuta na kuunganishwa kwa waya, na kwa bahati siku ile waya huo ulikuwa umechomolewa. Mikanda miwili ilikaa Arua kwa zamu. Wa tatu ulikaa Koboko, kwenye kabati la chuma nyumbani kwa masista, kwa sababu fundi alisema nakala isikae nyumba moja na mali yenyewe: nyumba ikiungua, vyote vimeungua. Zamani tulikuwa tukiubadilisha wa Koboko kila mwezi. Barabara ilipoharibika kwa waasi, magari yetu yalipunguza safari, na mkanda ule ukabaki kule tangu kabla ya mvua.

Tulitoa stoo kompyuta ya zamani iliyotumika kuandikia barua. Nikaunganisha mashine ya mkanda, nikatia mkanda wa Ijumaa iliyopita. Ulizunguka, ukalia kama mlango usio na mafuta, kisha maneno yakatokea kwenye kioo kwamba haukusomeka. Nikatia wa pili. Ukalia vilevile.

Nilifungua kifuniko. Kichwa cha kusomea kilikuwa kimefunikwa na utando mweusi wa vumbi na masizi ya jenereta. Nilikisafisha kwa pamba na spiriti ya maabara mpaka pamba ikatoka nyeupe. Nikarudia. Mikanda yote miwili ilikataa. Hapo nikaelewa kwamba haikuwa kusoma tu. Hata kuandika, kwa wiki zote hizo, mashine ilikuwa inaandika kupitia uchafu. Taa iliwaka kijani kila Ijumaa, na sisi tukaamini taa. Fundi alitufundisha kunakili. Kurudisha hakutufundisha, na hatukuwahi kujaribu.

Disketi ndizo zilizobaki. Zilikuwa nyingi, zimefungwa kwa mpira, na programu ilizitaka kwa zamu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya nne ikasimama. Niliitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Kwenye duara lake la ndani, pembeni, niliona doa la ukungu dogo kama punje ya ufuta. Programu haikukubali kuruka ya nne kwenda ya tano. Nilizima mashine, nikaenda kumwambia daktari.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ule wa Koboko?"

"Huo uliandikwa kabla ya uchafu. Nafikiri."

"Unafikiri."

"Hatuwezi kujua mpaka uje hapa."

Tulipiga simu ya upepo kwenda Koboko. Sista alijibu kwamba mkanda upo, ameutazama kwa macho yake, umo kwenye mfuko wake wa nailoni. Kuhusu usafiri alisema juzi lori la mizigo lilisimamishwa njiani na dereva hajaonekana.

Daktari aliweka chini kifaa cha kuongelea. "Siwezi kumtuma mtu kwenye barabara ile," alisema. "Wala siwezi kusema msiende."

Dereva wetu alikuwa ameegemea dirisha kwa nje, anasikia. Alikuwa mzee wa Koboko, mwislamu, askari wa zamani kama baba yangu, mwenye ndevu nyeupe fupi na desturi ya kusafisha gari hata likiwa safi. Alisema, kama mtu anayejibu swali la hali ya hewa, "Asubuhi naenda. Gari iko na mafuta."

Kanuni ya mradi ilikuwa gari lisitoke na mtu mmoja. Nilisema nitakwenda naye. Nilikuwa mtu wa njia ile, watu wananijua, na mkanda niliuandika mimi. Hizo ndizo sababu nilizozitoa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwenda Omugo wiki ile, nikamwona yule mama amekaa sakafuni kando ya kitanda cha mumewe, anamsukuma taratibu kila anaposinzia chakula kikiwa mdomoni.

Kwenda kulikuwa salama. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko gari, zimeinamia barabara pande zote, na kila kona mzee alipunguza mwendo, akapiga honi mara moja, akangoja, ndipo akapita. Hatukukutana na gari hata moja, na hilo ndilo lililonitisha; siku ya soko, na barabara tupu. Askari wa kizuizi cha mwisho walituambia tugeuke kabla jua halijafika utosini.

Sista alitupa chai ya haraka, akanipa mkanda, akatupakilia mfuko wa unga wa muhogo na samaki wakavu kwa ajili ya wodi. Nyumbani Dranya palikuwa karibu kiasi cha kwenda kwa baiskeli. Sikumpelekea mama habari kwamba nimekuja. Angenizuia, na angefanikiwa.

Mkanda niliuzungushia kitambaa, nikaufunga tumboni chini ya gauni. Nilifikiri nautunza usipate jua wala vumbi.

Tukiwa njiani kurudi, waasi walitoka kwenye nyasi kabla ya daraja. Hakukuwa na gogo barabarani wala risasi. Mtu mmoja tu alisimama katikati ya njia na bunduki, mzee akakanyaga breki, na wengine wakawa tayari wako kwenye milango.

"Shuka! Wote chini! Mikono juu!"

Tulishuka. Walimvua mzee viatu na saa. Walitoa unga, samaki, tairi la akiba. Mmoja aliingiza mpira kwenye tangi, akaanza kunyonya petroli kuiweka kwenye dumu. Walifanya yote bila haraka, nami nikaanza kudhani watatuacha. Kisha yule aliyekuwa akinipapasa akahisi kitu kigumu tumboni.

"Huyu mama anaficha kitu!"

Nilifungua kitambaa mwenyewe kabla hajanichania gauni. Aliupokea mkanda, akaugeuza, akaona bati la mgongoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Mkubwa! Iko redio! Redio ya jeshi!"

Mkubwa wao alikuja akitokea upande wa daraja. Alikuwa mtu mzima, umri wa wajomba zangu, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Aliuchukua mkanda, akautikisa sikioni.

"Hii iko nini?"

"Iko kitu ya hospitali, mzee," nilisema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Si redio. Ni kama kaseti. Iko majina ya wagonjwa ya malale ndani."

Nilijua nimekosea mara tu neno lilipotoka.

"Majina," alisema polepole. "Majina ya watu ya huku?"

"Ndiyo."

"Na vijiji yao?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Unachukua majina ya watu na vijiji yao, unaficha kwa tumbo, unapeleka Arua. Kwa nani?"

Dereva aliongea hapo. "Mkubwa, sikiliza. Huyu iko mutoto ya Dranya. Baba yake tulikuwa naye jeshini. Yeye nafanya kazi ya hospitali tu, haki ya Mungu..."

Alipigwa kitako cha bunduki kwenye taya. Alianguka kwa magoti, akabaki hivyo, mkono mmoja chini, mwingine mdomoni. Hakutoa sauti. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

"Nyamaza," mkubwa akasema, na haikuwa wazi anamwambia nani. Akaniangalia. "Mimi, jina yangu iko humu?"

"Mimi sijui jina yako, mzee. Kama ulilala Omugo, iko. Kama haukulala, haiko."

"Jina ya ndugu yangu iko." Aliuinua mkanda karibu na uso wangu. "Alilala Omugo. Walimuchoma ile sindano yenu inawaka kama pilipili. Siku ya tatu akaanza kutetemeka, akauma ulimi, akakufa. Umeandika hiyo? Umeandika alikufa na nini?"

Nilikuwa nimeandika wengi hivyo. Kulikuwa na safu yake: amekufa wakati wa matibabu. Huenda vidole vyangu ndivyo vilivyomwingiza ndugu yake.

"Tunaandika," nilisema. "Kila mutu. Na sababu."

"Inasaidia nini?"

Nilimwambia lililokuwa kichwani. "Sasa hivi iko mutu analala Omugo. Mutu ya Koboko. Mke yake anasema alipata ile sindano zamani, lakini kadi imeungua. Kompyuta yetu radi imeua. Kama hatujui, daktari atamuchoma tena ile ya pilipili, na inaweza kumuua kama ndugu yako. Kama jina yake iko humu, atapata dawa ingine. Ndiyo maana nilifunga kwa tumbo. Hakuna kitu ingine, mzee. Nimesema yote."

Mtu aliyekuwa akinyonya petroli alitema mate, akauliza kama aupasue kwa kisu waone ndani. Mkubwa alikuwa anatazama mkanda kwenye kiganja chake, akiugeuza upande wa bati, upande wa plastiki. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara najipa jibu jingine.

Mwishoni aliurusha. Sisemi alinirudishia, aliurusha kama mtu anavyotupa bunzi la mahindi, ukaangukia kwenye dimbwi kando ya barabara. Akapiga mluzi, wakachukua mizigo yao, nyasi zikawafunika.

Niliukimbilia kabla sijamwinua mzee. Jambo hilo aliliona, na hakulisema kamwe.

Petroli iliyobaki ilitufikisha kwenye maduka ya kwanza tu, kisha gari likakohoa na kuzima. Watu walitupa maji, wakamfunga mzee kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini. Tulimalizia safari kwa baiskeli mbili za kukodi, kila mmoja amekaa nyuma ya kijana asiyemjua, mimi nikiwa nimeushika mkanda kwa mikono miwili mbele yangu kama uji wa moto. Maji yalikuwa yameingia. Nikiuinamisha, nilisikia tone likitembea ndani.

Mzee alipelekwa hospitali; taya lilikuwa limepasuka. Mimi nilitaka kuutia mkanda kwenye mashine palepale. Daktari alinishika mkono. "Ukizungusha ukiwa na maji, utaukwangua," alisema. Alikwenda duka la dawa la mradi, akarudi na makopo ya vidonge, akatoa ndani yake vile vipakiti vidogo vya chembe zinazonyonya unyevu, vile ambavyo wagonjwa huambiwa wasile. Tuliukausha mkanda ndani ya debe la biskuti lililojaa vipakiti hivyo, kifuniko kimefungwa kwa plasta. Nilitaka kulifungua kila nilipopita. Habari kutoka Omugo zilikuwa kwamba yule mtu hamezi tena chakula kigumu, na kwamba yule mama wa Pajulu naye amelazwa.

"Nakupa mpaka kesho," daktari aliniambia. "Baada ya hapo nitachagua bila wewe."

Siku iliyofuata, mchana, tuliwasha jenereta. Nilifungua debe. Mkanda ulikuwa mkavu, una mstari wa tope pembeni niliouondoa kwa pamba. Nikautia. Ulizunguka kimya, na kimya chake kilinitisha kuliko kelele za ile mingine. Kisha majina ya mafaili yakaanza kupanda kwenye kioo, moja baada ya jingine, taratibu kama watu wanaopanda mlima na mizigo. Daktari alisimama nyuma yangu. Kwenye faili moja mkanda ulisimama, ukarudi nyuma, ukajaribu, ukarudi tena. Ukapita. Baadaye lingine, halikupita; likaachwa. Lilikuwa la hesabu za mbung'o waliotegwa. Faili la wagonjwa lilifika lote.

Nikaandika jina la mtu wetu, jina la kiislamu kama mkewe alivyolitaja. Hakuna. Nikaliandika kwa tahajia nyingine, na nyingine. Hakuna. Nikatafuta kwa kijiji. Wakatoka wanaume wengi, na hakuna mwenye jina lile.

"Basi," daktari alisema. "Ni mgonjwa mpya. Mke amekosea."

"Niulize kwanza."

Tulipiga simu ya upepo Omugo, wakamwita yule mama aje kwenye chombo. Alikuwa hajawahi kukitumia, akawa anapiga kelele kana kwamba ananiita ng'ambo ya mto.

"Mama," nilimwambia, "bwana yako, zamani, kabla hajakuoa, aliitwa nani?"

Kulikuwa na mkwaruzo mrefu.

"Alikuwa mkristo," alisema. "Alisilimu kwa sababu ya mimi. Baba yangu alikataa kunitoa kwa mkristo. Ile jina ya kwanza tuliiacha."

"Iko nani?"

Alinitajia, pamoja na kijiji cha mama mzazi wa mumewe, alikokuwa akiishi wakati huo. Nikaandika, na wakatokea wawili. Mmoja alikuwa na umri wa kuwa babu. Wa pili alitoka kijiji cha mama mzazi wa mtu wetu, umri unafanana, na mbele ya jina lake, kwa herufi nilizoziingiza mimi mwaka wangu wa kwanza kazini: sindano, kozi nzima, maji ya mgongo mara ya mwisho hayakuwa safi, aitwe arudi. Hakurudi. Alikuwa ameshaoa, ameshabadili jina, na aliyetumwa kumwita alirudi akisema mtu huyo hajulikani.

Daktari alisoma mstari ule mara mbili, akaweka kidole kwenye kioo. "Dripu," alisema, akaenda kwenye simu ya upepo. Nilimsikia akiomba kwa Kiingereza, kwa sauti ya hasira niliyokuwa sijaisikia kwake, chupa nyingine zitafutwe popote, Kampala, Sudan, popote, kwa ajili ya yule wa Pajulu. Zilikuja. Zilichelewa, lakini yeye alikuwa na nguvu zaidi, akazingoja.

Mtu wa Koboko alitundikiwa chupa mchana na usiku kwa wiki mbili, mkewe akilinda mkono wake asichomoe mrija usingizini. Nilikwenda kumwona siku alipoanza kukaa. Alikuwa mwembamba, mikono inatetemeka, na aliniuliza mimi ni nani. Mkewe alimwambia, "Huyu ndiye aliuliza jina yako ya zamani." Alitafakari hilo, akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye akili zake. Mtetemeko wa mkono wa kulia haukumtoka kabisa. Baada ya hapo, niliambiwa, alikuwa akilima kwa jembe jepesi, na mkewe akipanda.

Mimi nilianza kurudisha kila nakala niliyoiandika. Kila Jumatatu niliifungua kwenye kompyuta ya zamani, nikasoma majina machache kutoka mwanzo, katikati na mwisho, ndipo nikaandika tarehe kwenye karatasi ya mkanda. Kichwa cha mashine nilikisafisha kwa spiriti hata siku ambazo hakukuwa na kazi. Wenzangu walinitania kwamba naiogesha kama mtoto mchanga.

Lakini lilibaki jambo moja, na hakuna aliyetaka kulisema. Mikanda yote sasa ilikuwa Arua, ndani ya chumba kimoja.

Mzee alirudi kazini kabla taya halijapona vizuri, anakunywa chakula chake kwa kikombe. Daktari alimwambia apumzike. Siku moja alikuja dirishani kwangu, akasimama palepale aliposimama siku ile ya simu ya upepo.

"Mutoto yangu," alisema, maneno yakitoka kwa shida, "mkanda ya Koboko iko tayari?"

"Iko tayari, baba. Lakini barabara..."

"Kesho jeshi linasindikiza malori. Tutakaa katikati."

Nilimtazama. Sikuweza kusoma kitu usoni pake; kitambaa kilikuwa kinaficha nusu. Nikamwuliza kama haogopi. Alisema anaogopa sana, na kwamba mkewe amekataa kuongea naye tangu asubuhi.

Tuliondoka nyuma ya lori la saruji, tunakula vumbi lake njia nzima. Safari hii mkanda sikuufunga tumboni. Niliuweka juu ya dashibodi, ndani ya debe la biskuti, nikaandika kwa kalamu nene juu ya kifuniko, kwa Kiswahili na kwa lugha mbili za wenyeji: WAGONJWA. Tulipokaribia daraja mzee alipiga honi mara moja. Nyasi zilikuwa zimeanza kukauka. Tulipita, na alipoona paa za Koboko alisimamisha gari kando, akashuka, akaenda nyuma ya gari, akakaa huko kwa muda. Sikumfuata. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la saruji, tukaenda kwa masista.